KABLA HUJALETA KIJIBWA NYUMBANI

Naandika kutoka dawati la tatu karibu na dirisha, Kidato cha Tatu. Katika toleo hili la jarida letu niliombwa niandike makala ya mafunzo. Mwalimu mlezi wa chama akanionya niandike juu ya jambo ninalolijua kwa kuliona mwenyewe, si la kunakili vitabuni. Nilifikiri juu ya kilimo cha mahindi, lakini hilo kila mtu wa Kabuchai analijua kunishinda. Basi nimechagua mbwa. Usicheke kwanza.

Siandiki juu ya mbwa kama Simba wetu, ambaye hulala chini ya ghala na kubweka mtu akipita usiku. Naandika juu ya vile vidogo vyenye manyoya mengi ambavyo tunaviona kwenye simu vikiwa vimebebwa ndani ya mikoba. Mwaka huu vimeingia darasani kwetu kama homa. Wavulana wanavitaka, wasichana wanavitaka. Mwenzangu mmoja ana kondoo jike aliyepewa na babu yake, naye anataka kumpeleka sokoni Chwele amwuze ili anunue kijibwa. Aliniomba namba ya simu ya mtu anayeviuza, kwa sababu anajua nilikuwa nacho. Sikumpa. Nilimwambia, "Ngoja jarida litoke." Kwa hiyo makala haya ni ya wote, lakini kwa haki ni yake.

Najua pia kwamba walimu wa sarufi wananingoja hapa na kalamu nyekundu. Je, tuseme kijibwa anakula au kijibwa kinakula? Mimi nimefuata ngeli ya udogo: kijibwa kinakula, vijibwa vinakula. Lakini kijibwa chetu kilikuwa na jina, nacho kikishapewa jina ni vigumu kukiita "hicho". Kwa hiyo Pamba alikula, Pamba alilala. Naomba msamaha mapema.

Tuanze na swali hili: vijibwa hivi vilitoka wapi na vilikusudiwa nini? Chihuahua amepewa jina la jimbo la Mexico, na kwa kawaida hazidi kilo 3 hata akikomaa. Mwingine anaitwa Maltese, kwa jina la kisiwa cha Malta. Ana manyoya meupe marefu, na uzito wake ni kilo 3 au 4 hivi. Kuna Pomeranian, ambaye zamani alikuwa mkubwa kuliko leo. Malkia Victoria wa Uingereza alipowapenda wale wadogo baada ya safari yake ya Florence mwaka wa 1888, watu wengi waliwapenda pia, na wafugaji wakazidi kuwapunguza kimo. Inasemekana malkia huyo alipofariki Januari 1901, mmoja wa mbwa wake hao alikuwa kitandani pake. Yorkshire Terrier naye alianza maisha kama mfanyakazi hasa. Alikamata panya katika viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza kabla hajafungwa utepe kichwani.

Ukimwondoa huyo wa panya, wengi wa vijibwa hivi walizalishwa kwa kazi moja tu: kukaa na mtu. Simba wetu kazi yake ni kulinda boma, na kazi hiyo anaifanya hata sisi tukiwa shambani. Kijibwa cha sebuleni kazi yake ni wewe mwenyewe. Ukiondoka, kimefutwa kazi. Tafadhali liweke neno hilo akilini, maana nitalirudia.

Pamba alikuja kwetu katika likizo ya Aprili. Mjomba wangu hutunza bustani ya familia moja mjini Kitale, na mbwa wa hapo alizaa watoto watatu. Mjomba akapewa mmoja, naye akakumbuka kwamba mimi napenda wanyama. Alimleta kwa matatu ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, yenye matundu aliyotoboa kwa kalamu. Tulimweka kwenye mizani ya dukani akawa gramu 800. Pakiti ya sukari ya kilo moja ilimshinda uzito! Alikuwa na umri wa wiki nane.

Watu wa boma letu walitoka nje kumtazama. Kukhu, yaani nyanya yangu, aliinua miwani yake akauliza, "Hii ni mbwa ama ni sungura?" Baba naye akauliza, "Sasa hii italinda nini?" Mama hakusema kitu ila alitazama kochi lake. Mwishowe kukhu akatoa hukumu, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tutaona kama ataweza kulishika." Tulicheka sana. Kumbe ile siku ya tatu mimi ndiye nilikuwa karibu kushika jembe, kwa kumchimbia kaburi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tulimlisha Pamba kama tunavyomlisha Simba, yaani mara moja jioni, ugali na maziwa kidogo. Halafu tukamlaza jikoni ndani ya katoni yake karibu na mafiga. Usiku moto ukazimika. Mvua ya Aprili mnaijua, na baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon mnaijua vilevile. Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta amelala ubavu. Miguu ilikuwa baridi kama chuma, kichwa kinatikisika, macho yamefunguka lakini hayatazami. Nikamwita hakugeuka. Mama akasema, "Hiyo imekwisha, mwanangu." Nikaenda nyuma ya nyumba kuchukua jembe huku nikilia, nikiwa na miaka kumi na sita kamili na ndevu mbili.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu, mama mjane, ambaye zamani aliishi mjini na kufuga kijibwa cha namna hiyo. Alisikia kilio akaja na leso yake mabegani. Hakuuliza mengi. Alisema, "Leteni sukari na maji ya uvuguvugu." Alikoroga, akachovya kidole, akampaka Pamba kwenye fizi na ndani ya shavu, kidogo kidogo. Alinikataza kabisa kummiminia mdomoni, kwa kuwa mnyama aliyezimia hawezi kumeza, na maji yataingia mapafuni. Kisha tukajaza chupa ya plastiki maji ya moto, tukaizungushia sweta langu la shule na kumlaza kando yake. Baada ya kama robo saa Pamba aliinua kichwa. Kidogo akasimama, akayumba, akakojolea sweta. Sijawahi kufurahia mkojo namna hiyo.

Mwalimu huyo alinieleza kwamba Pamba hakuwa na ugonjwa. Sukari ilikuwa imemwishia mwilini, basi. Nilimwuliza kwa nini Simba anaweza kukaa siku nzima bila chakula asianguke. Akaniambia, "Wewe si unasoma biolojia? Chukua karatasi."

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na yeyote aliyesinzia kipindi cha hesabu aamke. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimeta 1. Una nyuso 6, kwa hiyo eneo la ngozi yake ni sentimeta mraba 6, na ujazo wake ni sentimeta ya ujazo 1. Kwa kila sehemu 1 ya mwili kuna sehemu 6 za ngozi. Sasa chukua mchemraba wenye upande wa sentimeta 3. Eneo lake ni 54, ujazo ni 27. Gawanya: kwa kila sehemu 1 ya mwili kuna sehemu 2 tu za ngozi. Joto hutokea ndani ya mwili na kutorokea kwenye ngozi. Kwa hiyo yule mdogo, kwa kadiri ya mwili wake, ana milango mara tatu ya kutolea joto. Ndiyo maana chai ya kikombe hupoa upesi na ile ya sufuria hukaa.

Mbwa si mchemraba, najua, lakini kanuni ni hiyohiyo. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na ili kulirudisha hapana budi uchome chakula haraka. Kwa kila kilo ya mwili wake, mbwa wa kilo 2 anahitaji karibu maradufu ya nguvu anazohitaji mbwa wa kilo 25. Wakati huohuo ghala lake la akiba ni dogo: ini dogo, misuli midogo, mafuta hakuna. Kwa mtoto wa miezi miwili au mitatu hali huwa mbaya zaidi. Akikosa chakula usiku kucha katika baridi, asubuhi anaweza kuwa kama Pamba wangu. Sisi tulidhani kwamba mnyama mdogo ana kazi ndogo. Hesabu ile ilituonyesha kinyume chake.

Tangu siku hiyo Pamba alikula mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, na mara ya mwisho ilikuwa kabla sijalala. Alilala kwenye karai kuukuu lililotandikwa gunia na blanketi, ndani ya nyumba. Mama alikubali, lakini si kwa kochi. Katika likizo yote mambo yalikwenda vizuri sana. Nilimlisha, nikamtoa nje kila baada ya saa mbili hivi, maana kibofu chake nacho ni kidogo na mtoto wa mbwa hawezi kungoja. Wanaolalamika kwamba vijibwa havishiki adabu ya choo wajiulize vinatolewa nje mara ngapi.

Halafu shule ikafunguliwa.

Ndugu zangu wa shule za kutwa, tuhesabu tena. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja u nusu alfajiri. Hurudi saa kumi na mbili u nusu jioni, mvua ikininyeshea huchelewa zaidi. Hizo ni saa 13. Mama yuko shambani au sokoni, Baba yuko kazini, mdogo wangu yuko shule ya msingi, na kukhu ana macho ya kuona mbali tu. Ni nani atakayemlisha Pamba saa nne, saa saba na saa kumi? Nilimwachia kukhu kazi hiyo. Alijitahidi, lakini alikuwa akimpa ugali wote mara moja na kusema, "Hata mtoto wa mtu hali mara tano." Sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyemleta mgeni, yeye ndiye aliyepewa jembe.

Sitaki kukaa sana kwenye chakula, ila kuna vitu ambavyo lazima nivitaje kwa kuwa nyumba zetu zimejaa vitu hivyo. Kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu damu ya mbwa. Chokoleti ni sumu kwake, zabibu vilevile, na zile peremende na chingamu zisizo na sukari huweza kuwa na utamu uitwao xylitol ambao humwangusha mbwa upesi sana. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti. Mbwa wa kilo 25 akilamba mchuzi wenye kitunguu kidogo huenda usione kitu, lakini kiasi kilekile ni kingi kwa mwili wa kilo 1. Dawa ni hivyo hivyo. Kwetu kila boma lina chupa ya dawa ya kupe ya ng'ombe, na mtu hupima kwa kifuniko au kwa macho tu. Usithubutu kumwogesha kijibwa kwayo. Dawa ya minyoo pia hupimwa kwa kilo, na aliyezoea kutibu fahali mkono wake unaweza kuwa mzito.

Sasa nafika mahali ambapo sipapendi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei nilimbeba Pamba hadi soko la Chwele. Sikuwa na kitu cha kununua. Nilitaka kuringa, nisiseme uongo. Watu walinizunguka, watoto wakapiga kelele, wauza nyanya wakasimama kutazama. Niliona raha. Mara pikipiki ya bodaboda ikapiga honi nyuma yetu, Pamba akaruka kutoka mikononi mwangu. Si juu sana, ni kutoka kifuani pangu hadi chini. Nilisikia sauti kama ya kijiti kikavu. Mguu wa mbele ukawa unaning'inia.

Mpenzi msomaji, mfupa wa mguu wa mbele wa kijibwa hauzidi penseli kwa unene. Hata kuruka kutoka kitini kunaweza kuuvunja. Tulitafuta mtu wa kumtibu. Wataalamu wa mifugo walio karibu nasi wana ujuzi mwingi wa ng'ombe, kuku na nguruwe, na haikuwa haki kuwalaumu kwa kukosa vifaa vya mgonjwa wa kilo moja. Ikabidi tusafiri mjini. Daktari alituambia kwamba karibu na kifundo mfupa huo wa vijibwa hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole, na huweza kukataa kuunga kabisa. Alimfunga, akatuagiza tumrudishe akaguliwe. Matibabu na nauli za kwenda na kurudi vilikula gunia zima la mahindi, nalo lilikuwa limewekwa kwa ajili ya pesa zangu za chakula cha mchana shuleni. Baba hakunigombeza. Alinyamaza tu njia nzima, tukiwa na katoni magotini. Afadhali angenigombeza.

Kwa bei hivyohivyo nieleze kidogo. Pamba alikuja bure, lakini nimeona vijibwa vikitajiwa bei ya shilingi elfu ishirini, thelathini na zaidi. Kwa kulinganisha tu, kuanzia mwaka wa 2018 serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa masomo ya mwanafunzi mmoja wa sekondari ya kutwa. Ni kusema kijibwa kimoja ni mimi mzima kwa mwaka, na hapo hakijala wala kuchanjwa. Aidha kuna walaghai wanaotuma picha nzuri, wanapokea pesa kwa simu, kisha namba haipatikani tena. Wengine huuza watoto wa wiki nne au tano ili waonekane wadogo zaidi, ilhali kijibwa hakifai kutengwa na mama yake kabla ya wiki nane. Kama huwezi kumwona mama yake kwa macho yako, usitoe hata shilingi.

Jambo kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa, na hapa naomba hata wasiotaka kijibwa wasome. Kwetu nyumbani ilidhaniwa kwamba mnyama wa gramu 800 hawezi kuleta ugonjwa wa kutisha namna hiyo. Mdogo wangu alikuwa akimbusu mdomoni. Meno ya mtoto wa mbwa ni kama sindano, na alimkwaruza mara nyingi katika michezo. Ukweli ni kwamba virusi havipimi kilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, kupona ni jambo lisilotarajiwa kabisa.

Lakini kabla ya dalili njia ipo. Louis Pasteur alimtibu mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, kwa chanjo huko Paris Julai 1885, na mvulana huyo akaishi hadi utu uzima. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, ni siku aliyofariki Pasteur. Nchi yetu ilianza mwaka wa 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, mkubwa kwa mdogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu uende hospitali siku hiyohiyo. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Kijibwa chenyewe huchanjwa kikifikisha miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kama daktari atakavyokuagiza. Kuna na chanjo nyingine za mapema, za magonjwa kama parvo, ambayo huhara damu na kuua watoto wa mbwa kwa siku chache. Hiyo huanza wiki ya sita au ya nane. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, kwa hiyo kama mbwa wako alikufa kwa parvo, usilete mwingine uani palepale haraka.

Mambo mengine nayapita mbio. Mbwa aliyekomaa ana meno 42, awe na kichwa kikubwa au kidogo. Katika kinywa cha kijibwa hayo meno hubanana na kuoza upesi, kwa hiyo yapigwe mswaki, na si kwa dawa yetu ya meno. Pia ya goti huteguka ovyo. Bomba la hewa ni laini, ndiyo maana hufungwa mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni. Vijibwa hubweka sana, tena kwa sauti ya juu, na jirani ana haki ya kulala. Majirani zetu Waislamu huona taabu mate ya mbwa yakigusa nguo zao, basi usimwachilie kijibwa chako arukie kila mgeni ati kwa sababu ni kizuri. (Walimu wa sarufi, nimeona. "Arukie" iwe "kirukie".) Wale wanaofikiria biashara ya kuzalisha wajue kwamba majike wengi wa aina hizi huzaa watoto wachache wenye vichwa vikubwa, na mara nyingine hukwama na kuhitaji kupasuliwa. Mtu apige hesabu kutoka Kabuchai usiku, mbwa amekwama, gari hakuna.

Halafu kuna umri. Vijibwa huishi muda mrefu kuliko mbwa wakubwa, miaka 12 hadi 15, na baadhi huzidi hapo. Mimi nina miaka 16. Kama Pamba angekuwa wangu mpaka mwisho, ningekuwa na thelathini hivi. Mwaka kesho nakaa mtihani wa kidato cha nne, na baada ya hapo sijui nitakuwa Nairobi, Eldoret au hapahapa. Hakuna bweni la chuo litakalonipokea na mbwa mkononi.

Siku iliyoamua ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Juni. Nilirudi nimelowa. Kukhu alikuwa mgonjwa, amelala tangu asubuhi, na mlango wa chumba changu ulikuwa umefungwa. Nilipofungua, Pamba alikuwa nyuma ya mlango na bandeji yake, anatetemeka. Sauti ilikuwa imekauka kwa kubweka. Ubao wa chini wa mlango ulikuwa umekwaruzwa mpaka ukawa mweupe, na kucha moja ilikuwa na damu. Sahani ilikuwa tupu, hata maji hayakuwepo. Saa 13. Nilimpaka sukari kabla hajaanguka, nikamlisha, tukakaa pamoja jikoni bila kuwasha taa.

Nilimwambia Baba kwamba nataka kumpeleka kwa mwalimu mstaafu. Baba akanijibu, "Ulimtaka wewe, amua wewe." Mwalimu huyo yuko nyumbani mchana kutwa. Ana kuku sita na redio, na watoto wake wako mbali. Nilimpelekea Pamba, karai, blanketi na karatasi ya chanjo. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini aliniuliza tu, "Amekula saa ngapi?"

Sasa ni miezi kadhaa. Mguu uliunga, ingawa anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Ana kilo mbili na nusu, na amevalishwa sweta lililofumwa kwa uzi wa kijani wa masalio. Kila alfajiri nikipita kwenda shuleni naona taa ya jikoni kwa mwalimu imewashwa. Pamba hunibwekea kwa hasira kama anavyombwekea mgeni yeyote, mpaka nimwite jina ndipo anyamaze. Nilimpeleka mwenzangu wa darasa akamwone, wiki mbili kabla ya kuandika haya. Alimbeba, akamwuliza mwalimu maswali mengi, mengine hata mimi sikuwahi kuyafikiria. Alipoonyeshwa ratiba ya chakula iliyobandikwa ukutani aliisoma mara mbili. Namba ya muuzaji hajaniomba tena, wala hajasema ameacha. Jana nilimwona kondoo wake amefungwa kando ya barabara akila nyasi.